Dakta J. L. Krapf, Mchungaji wa Kilutheri, na Kiswahili cha Mvita

Mtu ashughulikaye na habari za lugha ya Kiswahili hawezi kwenda mbali bila ya kukutana na jina la Dakta Johann Ludwig Krapf. Akifungua dibaji za kamusi, atamwona. Akitafuta sarufi ya kwanza ya Kiswahili iliyopigwa chapa Ulaya, atamwona. Akiuliza hati za tenzi za kale zilifikaje Ujerumani, atajibiwa kwa jina lilo hilo. Kwa sababu hii wako waliomwita baba wa Kiswahili cha maandishi. Sifa hii haimfai, na nadhani yeye mwenyewe asingaliikubali. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa muda mrefu kabla hajazaliwa: Utendi wa Tambuka una tarehe ya mwaka 1728, na Krapf alizaliwa mwaka 1810.

Katika makala haya nakusudia kumtazama Krapf kwanza katika kazi aliyoichagua kwa moyo wake, yaani uchungaji, kisha nionyeshe jinsi kazi hiyo ilivyozaa kazi ya lugha. Sisi wanaisimu tumezoea kuzitenga kazi hizi mbili. Kamusi twaichukua, mahubiri twawaachia wenye historia ya kanisa. Kutenga huku kumetupa hasara, maana kumetusahaulisha mtu aliyesimama kati ya mchungaji huyu na lugha aliyoiandika, naye ni Sheikh Ali bin Muhyiddin wa Barawa, Kadhi wa Mombasa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg. Baba yake alikuwa mkulima. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua kwa miezi, na kitandani akaanza kusoma Biblia na kuwaza habari za umilele. Alipopona alipelekwa shule ya Kilatini mjini Tübingen. Huko alipata kuona ramani ya Afrika, akastaajabu kwamba upande wa Adal na Wasomali majina ya miji yalikuwa machache mno. Akauliza kama huko ni jangwa tupu. Mtoto huyu alivutwa na mahali palipokosa majina, na maisha yake yote alikwenda mahali pa namna hiyo akiwa na daftari mkononi.

Walutheri wa Württemberg walikuwa na uchaji wa namna yao. Juu ya ibada ya kanisa walikuwa na mikutano ya nyumbani, walisoma Maandiko kwa hamu, na wengi wao waliamini kwamba siku za mwisho zi karibu. Mwanachuoni wao mkuu, Johann Albrecht Bengel, alikuwa amepiga hesabu kutokana na Ufunuo wa Yohana, akaona kwamba mwaka 1836 ungekuwa mwaka wa mageuzi makubwa. Krapf alilelewa katika hewa hii. Mwaka 1827 aliingia chuo cha misioni cha Basel, akakiacha baada ya miaka miwili kwa mashaka ya moyo, akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akawekwa wakfu kuwa mchungaji. Katika mtaa wa Wolfenhausen mahubiri yake juu ya mwisho wa dunia yalimtia matatani na wakuu wa kanisa. Hapo ndipo Peter Fjellstedt, Mswidi aliyekuwa akiitumikia C.M.S., yaani shirika la misioni la Kanisa la Uingereza, alipomshawishi arudi katika nia yake ya zamani. Februari 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi.

Nimeitaja imani hii ya siku za mwisho kwa sababu bila ya hiyo hatuwezi kuelewa haraka ya Krapf. Mtu aaminiye kwamba muda umebaki mchache hakai mahali pamoja miaka thelathini kungoja mbegu iote. Hutaka kila kabila lisikie neno kabla ya saa kufika, na kwa hiyo hutaka kila lugha iandikwe upesi. Orodha zake za maneno ya lugha nyingi, ambazo sisi twaziona kuwa ni kazi ya isimu linganishi, kwake zilikuwa matayarisho ya safari ambayo huenda isingengoja.

Uhabeshi hakukaa kwa raha. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaenda ufalme wa Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko tangu 1839 hata 1842. Huko aliwapenda sana Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagala, jina wasilolipenda wenyewe. Aliwaona kuwa ndio wangekuwa kwa Afrika kama Wajerumani walivyokuwa kwa Ulaya, hata akaiita nchi yao Ormania. Aliandika muhtasari wa sarufi yao uliotolewa mwaka 1840, na sehemu za Injili akazitia katika lugha yao. Kwa ajili ya hati za Kihabeshi alizozipeleka kwao, Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku udaktari mwaka 1842. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich. Walijaribu kurudi Shoa kwa njia ya Massawa, njia ikawa imefungwa. Njiani mkewe akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto akafa. Baba alimbatiza kwa neno la Kihabeshi, Eneba, maana yake chozi.

Kwa kuwa mlango wa kaskazini ulifungwa, Krapf aliwaza kuwafikia Waoromo kwa mlango wa kusini. Ndiyo maana alishuka pwani yetu. Jambo hili lafaa kutiliwa mkazo: hakuja kwa ajili ya Waswahili, wala Kiswahili hakikuwa shabaha yake. Kiswahili kilikuwa njia ya kupitia. Ni ajabu basi kwamba katika njia ile ndimo lilimobaki jina lake, na huko alikokuwa akienda hakufika.

Alifika Unguja mwanzo wa Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake wa pwani ili asipate taabu. Baada ya kuizunguka pwani kwa muda alichagua kukaa Mombasa. Mji ule ulikuwa na jeraha ambalo halijapona. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Sayyid Said alipoivunja nguvu ya Wamazrui, mwaka 1837, na mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa bado midomoni mwa watu. Mgeni aliyetaka kujifunza lugha asingalipata mji wenye lugha nono kuliko huo. Maneno ya vita, ya bahari, ya sheria na ya mzaha yalikuwapo yote, na walikuwapo wanazuoni wa kuyaeleza.

Mmoja wa wanazuoni hao alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa mji. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza naye kuitia Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Musa, katika Kiswahili. Krapf ameandika kwamba aliihesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya siku kubwa za maisha yake. Tufikiri kidogo juu ya baraza ile. Upande mmoja ameketi mchungaji wa Kilutheri mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ambaye ameishi pwani kwa miezi mitano tu. Upande wa pili ameketi hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu wa kitabu, mwenye cheo, ambaye hana haja ya kumtumikia mgeni. Hakuna aliyejaribu kuificha dini yake. Na kitabu kilichofunguliwa ni kile ambacho habari zake wote wawili wanazijua tangu utotoni: kuumbwa kwa mbingu na nchi, Adamu na Hawa, nyoka na bustani.

Sidhani kwamba uchaguzi wa Mwanzo ulikuwa wa bahati tu. Kama Krapf angalianza na Injili ya Yohana, maneno ya Mwana wa Mungu yangaliwagawanya katika mstari wa kwanza, na Kadhi, kwa haki yake, angaliweza kusita. Mwanzo kiliwapa uwanja wa pamoja. Zaidi ya hayo kilimpa Krapf msamiati wa dini uliokwisha kupikwa na kuiva katika vinywa vya Waislamu wa pwani. Maneno kama roho, malaika, dhambi, nabii, neema, shetani na ibada, ambayo Mkristo wa Afrika ya Mashariki huyatamka kila Jumapili pasipo kuwaza asili yake, hayakubuniwa na misioni. Misioni iliyakuta, na waliowafundisha wamisionari namna ya kuyatumia walikuwa watu wa namna ya Sheikh Ali. Wanafunzi wangu wakiniuliza ni nani aliyeitafsiri Biblia kwanza kwa Kiswahili, huwajibu kwa majina mawili, wala silitangulizi lile la Ulaya.

Tena Kadhi huyu alikuwa mtu wa Barawa kwa nisba, nako Barawa wana lahaja yao, Chimiini, iliyo mbali na Kimvita. Kwa hiyo tafsiri ya kwanza ilipita katika masikio mawili ya wageni: sikio la mtu wa Württemberg na sikio la mtu mwenye asili ya Banadiri, wote wawili wakiisikiliza Mombasa. Sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la chama cha wanazuoni wa mambo ya Mashariki. Huo ndio mwanzo wa Biblia ya Kiswahili katika chapa.

Kazi ilikuwa haijaendelea sana homa ilipoingia nyumbani. Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa baada ya siku chache, na mtoto akamfuata mamaye. Rosine alikuwa ameomba azikwe ng'ambo ya bara, penye njia ya wapitao. Kaburi lake liko upande ule wa bara unaoelekea kisiwa cha Mombasa. Krapf, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa hajiwezi, aliwaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa vita vimekwisha kuanza. Barua hiyo imenakiliwa mara nyingi katika vitabu vya misioni, na aghalabu hunakiliwa kwa furaha ambayo mimi siioni ndani yake. Naona mtu ambaye hana kitu kilichobaki isipokuwa kazi.

Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, Mlutheri mwenziwe kutoka Gerlingen, katika Württemberg ile ile. Agosti mwaka huo walihamia Rabai, katika vilima nyuma ya Mombasa, wote wawili wakiwa na homa. Watu wa huko Krapf aliwaita Wanika, na lugha yao Kinika. Jina hili latokana na neno nyika, nalo ni jina la dharau walilopewa na watu wa pwani. Wenyewe leo hujiita Mijikenda. Namna alivyoliandika yatufundisha pia habari za tahajia yake. Sauti ya ny hakuitofautisha na ni. Sauti ya w aliiandika mara nyingi kwa u, ndipo tukapata Suahili na Kisuaheli. Alikuwa akisikia vema kuliko alivyoandika, na msomaji wa kamusi yake hana budi kujizoeza kurudi nyuma kutoka katika herufi hata kuifikia sauti.

Rabai ndipo tunapoona jinsi uchungaji wake ulivyokuwa, nao kwa hesabu za dunia ulikuwa haba. Wazee walimpokea kwa adabu, wakasikiliza, wakauliza habari za nguo na mvua, wakaenda zao. Mringe, mtu aliyekuwa kiwete, ndiye aliyemsikiliza kwa dhati, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf alipoondoka mwaka 1853, waliobatizwa walikuwa hawajatimia vidole vya mkono mmoja. Lakini mazungumzo yale ya kila siku, penye kizingiti cha nyumba na chini ya miti ya makaya, yalimjazia daftari. Mtu akimwambia kwamba haamini, Krapf aliandika kitenzi alichokitumia.

Katika vitabu vya siku hizo iko habari moja inayonichekesha kidogo, tena inatufunza. Mwaka 1848, katika chapa ya misioni ya Wamarekani mjini Bombay, Krapf alitoa kitabu cha kujifunza kusoma Kinika, na ndani yake akatia tafsiri ya Katekisimu ya Heidelberg. Katekisimu hiyo ni ya Wareformati, si ya Walutheri. Basi hapa tuna mchungaji wa Kilutheri, anayelipwa na shirika la Kianglikana, akifundisha katekisimu ya Wareformati, katika kitabu kilichopigwa chapa na Wamarekani wa Bara Hindi, kwa watoto wa Rabai. Mwaka 1854 akatoa huko Tübingen sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Uingereza kwa Kiswahili. Wale wanaotaka kumpa kila mmisionari kabati lake la madhehebu watapata shida na mtu huyu. Ulutheri wake haukuwa katika kulinda mipaka ya madhehebu. Ulikuwa katika lile sharti la Luther mwenyewe, kwamba neno lazima lisikike kwa lugha ya nyumbani, na mfasiri aende kuitafuta lugha hiyo vinywani mwa watu.

Safari zake za bara nazipita upesi, kwa kuwa zimeelezwa na wengi. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri mwaka huo huo, akaenda tena mwaka 1852. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Wakamba, aliuona mlima ambao alilisikia jina lake kwa Kikamba, akaliandika Kenia. Wanajiografia wa London, hasa William Desborough Cooley, walicheka kusikia kwamba iko theluji karibu na ikweta. Safari ya pili, mwaka 1851, iliisha vibaya: wanyang'anyi waliuvamia msafara, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea porini peke yake. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mtutu wa bunduki, akauziba kwa majani. Mtu huyu ndiye ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Tübingen sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo.

Katika dibaji ya sarufi hiyo ya mwaka 1850 mna shauri ambalo athari yake tunaishi nayo hata leo. Krapf alishauri Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kilatini, si kwa za Kiarabu. Alitoa sababu za namna mbili, nazo lazima tuzipime mbalimbali.

Ya kwanza ni ya lugha, nayo ina uzito. Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumika pwani siku zile, ilikuwa na alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Sauti ya p iliandikwa mara nyingi kwa herufi ya b, na ung'ong'o ulio mbele ya b au d mara nyingi haukuandikwa kabisa. Msomaji akiona kaf yenye dhamma na ba yenye fatha, aweza kusoma kupa, kopa, kumba au komba, na muktadha ndio umwambiao lipi ni lipi. Kwa mshairi na msomaji aliyelelewa katika lugha hili si tatizo. Yeye huijua beti kabla hajaifungua. Kwa mtoto wa Rabai ambaye Kiswahili si lugha ya mamaye, ni mlima. Walakini lazima tuongeze kwamba hati ya Kilatini nayo ilikuwa na upungufu wake. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na herufi tulizorithi hazionyeshi tofauti hiyo. William Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880, aliliona jambo hili akatia alama zake, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye mkono wake katika kazi za Taylor ni mkubwa kama wa Sheikh Ali katika kazi za Krapf.

Sababu ya pili ni ya dini. Krapf aliogopa kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa bara. Hapa mchungaji alimshinda mwanachuoni. Nasema hivi bila ya kumvunjia heshima, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli na hakuificha sababu yake. Lakini tazama lililomo ndani yake. Lugha aliyotaka kuitoa katika hati ya Kiarabu alikuwa amefundishwa na Kadhi. Msamiati alioutumia kuhubiri ulikuwa umeandikwa kwa hati hiyo hiyo kwa karne nyingi. Kama Sheikh Ali angaliogopa kwa namna ile ile, asingaliketi naye hata siku moja. Woga huo uliendelea baada yake: Mlutheri mwingine, Karl Roehl, alipotoa Biblia yake mwaka 1937 alijaribu kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliyarudisha mengi kati ya maneno hayo, maana ndiyo watu waliyoyazoea.

Hata hivyo Krapf huyu aliyeipinga hati ya Kiarabu ndiye aliyeokoa sehemu ya hazina yake. Hati za tenzi alizozipata pwani alizipeleka kwa chama cha Wajerumani cha mambo ya Mashariki, huko Halle, mwaka 1854. Kutokana na karatasi zake C. G. Büttner alitoa tenzi za kale mwaka 1887 na 1888, na Carl Meinhof akatoa Chuo cha Herekali mwaka 1911 na 1912. Je, alijua thamani ya alichokipeleka? Naamini alijua. Mtu asiyejua thamani ya hati haichukui merikebuni akiwa mgonjwa.

Tangu 1853 makao yake yalikuwa Korntal, mji mdogo wa wachaji karibu na Stuttgart. Alirudi Afrika ya Mashariki mara moja, mwaka 1861 na 1862, kuwasindikiza wamisionari wa Kimethodisti walioanza kazi ya Ribe. Na mwaka 1867 alikwenda Uhabeshi kuwa mkalimani wa jeshi la Napier, ugonjwa ukamrudisha. Rebmann, kinyume chake, alibaki Afrika ya Mashariki hata 1875, akarudi kipofu, akafa mwaka uliofuata. Krapf akaisimamia chapa ya kamusi ya Kinyasa ambayo Rebmann aliikusanya kwa kuulizana na mtumwa mmoja wa Mombasa, jina lake Salimini. Ikatoka mwaka 1877. Hapa napo tazama: Salimini anajulikana kwa jina moja tu, na kamusi yote ilitoka kinywani mwake.

Kamusi ya Kiswahili ilikuwa mkononi mwa Krapf hata mwisho. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Si kitabu chepesi kutumia. Maneno yamerundikwa, mifano ni mirefu, mwandishi huacha maana ya neno akaanza kusimulia desturi, kisha hukumbuka neno la Kinika linalofanana nalo akalitia hapo hapo. Waliomfuata walilalamika, na kwa mwalimu wa shule lalamiko hilo ni la haki. Kwetu sisi fujo ile ni faida. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 kilifuata Kiunguja, alitupa lugha iliyopangwa kwa ajili ya kufundishwa. Krapf alitupa lugha kama alivyoikuta barazani, pamoja na mabishano yake. Ndiyo sababu Charles Sacleux, alipokuwa akiiandaa kamusi yake kubwa iliyotoka mwaka 1939, alimrudia mara kwa mara.

Mwaka 1925 H. K. Binns aliitoa kamusi hiyo tena, akiisahihisha na kuipanga upya, akapunguza masimulizi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, mkutano ulikutana Mombasa penyewe ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo kamusi ya Krapf imesomwa kama kitabu cha lahaja. Kazi moja nayo imebaki haijatimizwa ipasavyo: kuzichukua zile sura tatu za mwaka 1847, kuzilinganisha neno kwa neno na Kimvita cha Muyaka na Chimiini cha Barawa, na kupambanua lipi ni la Mvita, lipi ni la mchungaji, na lipi ni la Kadhi.